Picha ya zamani ya nyumba yenye baraza: ni Unguja, Mombasa au wapi?

MjukuuWaTanga

Wakuu habari za jioni, naomba msaada hasa kwa nyie mnaojua majumba ya zamani ya pwani.

Wiki iliyopita tulikuwa tunamhamisha bibi chumba pale nyumbani Tanga, katika kutoa sanduku lake la mbao uvunguni likafunguka lenyewe, ndani mna kanga, hirizi, vyeti vya watu waliokufa zamani na picha moja kubwa kidogo kuliko kiganja changu, imegandishwa kwenye kadibodi nene na kingo zimeshaliwa na mende. Bibi yupo alhamdulillahi, miaka 80 na ushee, ila macho ndo yameshamtupa mkono, ukimpa picha anaipapasa tu anasema "hiyo ya kwa babu zako". Kwa babu zetu wapi sasa? Mjomba anasema Unguja, na mjomba akishasema kitu pale nyumbani hakuna wa kubisha. Baba anasema Bagamoyo lakini nikimuuliza kwa nini ananiambia niache maswali.

Simu yangu kamera yake ya kubahatisha, nimejaribu kuipiga inatoka ukungu mtupu, basi naelezea ninachokiona. Nyumba ya ghorofa moja, yani kuna chini na juu, kuta nyeupe chokaa imebanduka banduka. Chini kuna baraza ya mawe pande zote mbili za mlango, ndefu, inakwenda mpaka mwisho wa ukuta. Juu kuna varanda ya mbao imetokeza nje na imeshikwa na nguzo nyembamba, na ukingoni mwa paa lake kuna mbao zimekatwa katwa kama lesi ya mtandio, paa lenyewe ni bati. Wanaume 6 wamekaa barazani, mmoja kavaa joho wengine kanzu na kofia, mmoja ana bakora, mbele yao kuna dele la kahawa na vikombe. Watoto wawili wamekaa chini. Halafu kuna mtoto mwingine kasimama peke yake mbele kabisa, njiani, kapanua miguu, huyo sura haionekani imefutika kama moshi. Chini yake kuna mistari miwili imenyooka inapita mbele ya nyumba mpaka nje ya picha, mi nadhani ni mfereji wa maji machafu. Mwanamke hata mmoja hakuna.

Nyuma ya kadibodi kuna maandishi ya Kiarabu yamefifia.

Swali langu, kwa nyumba tu mtu anaweza kujua ni wapi na ni miaka gani? Maana sura za watu hazinisaidii, wote wamekunja uso kama wamenyimwa kahawa.

kahawa_chungu

Nimekaa siti ya mbele. Mende wamekula kingo, mjomba amekula historia 😂 ngoja waje wanaojua.

Fundi_Chokaa

Mjukuu karibu. Mimi riziki yangu ni hizo hizo nyumba, huu mwaka wa 20 na zaidi natia chokaa Mji Mkongwe, nitakwambia ninavyoisoma mimi.

Kwanza tenganisha baraza na varanda maana watu wengi mnavitia kapu moja. Baraza ni lile benchi la mawe na chokaa lililoota kwenye ukuta wa nje, linatazama njia, na mpita njia anaweza kukaa hata kama mwenye nyumba hamjui jina. Mvua kubwa ikinyesha na vichochoro vikajaa maji watu wanapita juu yake kama daraja. Nyumba ya Kiarabu ya Unguja kwa nje ilikuwa sanduku jeupe tu, ukuta mtupu na madirisha, urembo wote umemalizikia mlangoni, raha yake iko ndani uani. Varanda za mbao za juu hizo ni mkono wa Wahindi, hasa wafanyabiashara wa Kigujarati waliotaka duka liwe chini na wao walale juu wapigwe na upepo, mafundi wao wakaja na ujuzi wa kuichonga mbao mpaka ikawa lesi kama ulivyosema mwenyewe. Kama hujaiona, siku ukifika nenda kaitazame Dispensari ya zamani pale karibu na bandari, aliyeianzisha ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, jiwe la msingi liliwekwa 1887 na kazi ikamalizika 1894, roshani zake zile mimi huwa nasimama chini nazitazama mpaka watu wanadhani nimepotea.

Sasa upande wa miaka. Sultani Sayyid Barghash alipojenga Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, mwaka 1883 aliizungushia varanda pande zote, kila ghorofa, kwenye nguzo za chuma zilizokuja kwa meli. Baada ya hapo kila mwenye nazo akataka na yeye kijivaranda chake, hata mwenye nyumba ya Kiarabu ya zamani anatoboa ukuta anaibandika. Kwahiyo ukiona varanda ya juu yenye bati mimi naanzia miaka ya 1880 kuja huku, sirudi nyuma. Na kwa Unguja kuna ujanja mwingine, picha yoyote ya Forodhani, pale ufukweni mbele ya Beit al-Ajaib, tafuta mnara. Ukiwa umesimama peke yake mbele ya jumba basi ni kabla ya Agosti 1896, maana ile tarehe 27 Waingereza walipiga mizinga kwa muda usiofika hata saa nzima na mnara ukaharibika. Ukiuona umeungana na jumba lenyewe ujue ni baadaye. Mimi kila nikikumbuka Krismasi ya 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib ilivyomwagika chini na watu wawili wakafa, sipendi hata kuzitazama picha zake za ujana.

Tuje kwenye yako. Hiyo mistari miwili ndugu yangu sio mfereji. Mfereji haunyooki hivyo. Hiyo ni RELI. Na Unguja tulikuwa na treni mjini kabla wengi wenu hamjaisikia, reli ya Bububu, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1905, maili 7, inatoka mjini inapita katikati ya nyumba za watu kabisa, zipo picha treni inapita mtaani unadhani itaingia sebuleni. Mjomba yuko sahihi. Ni Unguja, tena upande wa Malindi, baada ya 1905. Mjadala umefungwa.

MjukuuWaTanga

Aisee RELI?? Nimeitazama tena, kweli mistari ina kama mng'ao juu. Asante sana mkuu. Nimemwambia mjomba hapa, sasa hivi hatukaliki nae.

mwana_amu

Asalam aleikum. Fundi umesema vyema lakini umekimbia mno kwenye Wahindi na masultani, kukaa mlangoni hakukuanza nao. Sisi hapa Amu, yani Lamu, nyumba za mawe za ndani ya mui (mji) hazina varanda ya nje hata moja, na bado zina mahali pa kukaa mgeni. Kuna daka, ni ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe huku na huku, uko ndani ya ukuta, haukutokeza njiani. Mgeni wa kiume huishia hapo na kahawa yake huletewa hapo. Ukilivuka daka unaingia tekani, tekani umejengwa kwa kupinda makusudi ili aliye mlangoni asione uwanda wa ndani. Halafu ndo misana, wa tini na wa yuu, yani wa chini na wa juu, vyumba virefu vyembamba, wembamba wake ni kwa sababu boriti la mkoko lina urefu wake, huwezi kulilazimisha. Varanda kwetu utaziona mbele ya bahari, kama lile jengo la makumbusho, hizo zilikuja baadaye na zinatazama pwani, hazitazami jirani.

Mjukuu umesema mwanamke hata mmoja hakuna. Hebu tazama tena, mwanangu, lakini usitazame chini. Baraza ilikuwa ya wanaume, mwanamke wa heshima hakai njiani anapigwa picha na mtu baki. Hata njia yenyewe hakuhitaji kuikanyaga akitaka kwenda kwa jirani, kwetu kuna wikio, chumba kimepita juu ya njia kinaunga nyumba mbili, anakwenda kwa shoga yake na kurudi na hakuna aliyemuona. Hizo mbao zilizotobolewa tobolewa huko juu munazozisifia kama lesi zina kazi, ni mtu wa ndani aone asionekane. Mpiga picha amekuja mtaani na sanduku lake la miguu mitatu, wanaume wote wamevaa wamekaa, we wadhani huko yuu hakuna aliyechungulia?

MjukuuWaTanga

Shikamoo bi mwana_amu. Nimekaa na picha nje juani nikaiwekea simu juu niikuze. Kwenye varanda, nyuma ya nguzo ya pili kutoka kulia, kuna vidole. Vidole vinne vimeshika mbao. Mwili haupo, giza tupu, vidole tu. Nywele zimenisimama.

mwana_amu

Marahaba. Ehee. Huyo huenda ndo bibi yake bibi yako.

Mpigapicha_wa_Ilala

Jamani huu uzi mtamu. Mimi napiga harusi na send-off huku Dar, sijui historia ila naijua kamera, nijibu hilo la mtoto kufutika. Enzi hizo ni kioo kimepakwa dawa ndani ya sanduku, na ndani ya hizo nyumba mlizozisema, vyumba vyembamba kuta nene, giza la kutosha kulala mchana, usingepata kitu. Ndo maana picha nyingi za zamani mnazoziona watu wako barazani, kuna mwanga lakini jua haliwachomi uso. Sasa kivulini fundi anahitaji kuacha lenzi wazi muda kidogo, wazee wanaambiwa tulia wanatulia, ndo hizo sura za kunyimwa kahawa. Mtoto wa kiume wa miaka 6 umwambie tulia? Akitikisika tu anakuwa moshi. Kwahiyo huyo mtoto hajafutwa na mende, kajifuta mwenyewe.

Afu mnanikumbusha mbali. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na nyumba ya Kiswahili hapa Ilala, zile za vyumba 6, korido katikati, uani choo na jiko, mbele kibaraza cha sementi kirefu upana wa nyumba. Asubuhi pale mbele kuna mama mpangaji anachoma vitumbua, mchana fundi cherehani, alasiri wazee wa bao, usiku vijana tumekaa tunasikiliza mpira redioni na mtu hajui hata nyumba ya nani. Wakati wa msiba maturubai ya nini, baraza inatosha nusu ya watu. Watoto wa marehemu wakakubaliana kuuza, sasa hivi ni ghorofa, chini maduka yana mageti ya kukunja, na pale palipokuwa na kibaraza wameweka vyuma vyenye ncha ili mtu asikae. Vyuma vya ncha! Nimetafuta picha ya ile nyumba kwenye familia nzima, tuna picha 2 tu, na zote zinaonyesha baraza na kipande cha mlango basi. Vyumbani hakuna aliyewahi kupiga.

ustadh_wa_kona

Wakati mwingine nafikiri hata hili neno tumelisahau lilikotoka. Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi, huko Kenya baraza la chifu, vyote hivyo vimekaa juu ya benchi la mawe. Waarabu wa Oman nao husema barza, sheikh au wali anakaa, watu wanakuja na mashtaka yao na kahawa inazunguka. Serikali nzima ilikuwa inaendeshwa mlangoni kwa mtu.

Mjukuu, hebu niandikie hayo ya nyuma ya kadibodi herufi moja moja hata kama hujui maana. Na namba kama zipo.

MjukuuWaTanga

Ustadh nimesoma chuo mpaka juzuu ya tatu nikatoroka kwenda kucheza mpira, nisamehe mapema. Mstari wa kwanza umekwisha kabisa. Wa pili naona ain, ya, dal. Halafu namba, inaanza moja, halafu kama tatu, mbili, na tisa.

ustadh_wa_kona

Umetoroka lakini umeondoka na kitu. Ain ya dal ni Idd. Na ١٣٢٩ ni mwaka wa Hijria, 1329, ambao umelala karibu wote ndani ya 1911 ya Kizungu, ulianza Januari mwanzoni ukaisha Desemba. Idd-el-Fitr ya mwaka huo ilikuwa mwishoni mwa Septemba na Idd ya kuchinja mwanzoni mwa Desemba. Ndo maana ya joho na kofia zote hizo, wametoka kuswali wamekaa wanapokea watu. Mstari uliofutika labda ndo ulikuwa na mahali, mende nao wanajua pa kuanzia.

Fundi_Chokaa

1911! Bububu ilikuwa inatembea. Nilisema.

reli_nyembamba

Mzee Fundi kwa heshima zote nyumba nakuachia wewe lakini kwenye reli hapo nakukatalia. Mimi ni mtu wa Mombasa, na ugonjwa wangu ni reli za zamani, mke wangu ameshachoka.

Reli ya Bububu ilikuwa na upana wa futi 3 kati ya chuma na chuma, yani kama sentimita 91. Ilikuwa treni kweli, na injini yake ya moshi. Sasa nifikirie wazee 6 wa heshima wamevaa kanzu nyeupe za Idd, dele la kahawa mbele yao, hatua chache kutoka pale inapopita injini inayotema masizi. Labda, siku ya sikukuu haikupita. Lakini kuna mji mwingine hapa pwani uliokuwa na reli mitaani nao ni Mombasa, na reli zetu zilikuwa ndogo, futi 2 tu, sentimita 60, na hazikuwa na injini.

Historia yake fupi ni hii. Kampuni ile ya Waingereza, IBEA, ilitaka reli ya kwenda bara, mwaka 1890 ikaanza kulaza vyuma vyepesi hivyo, ikaenda maili chache pesa ikakatika. Reli ya maana ya kwenda Uganda ikaja kuanza 1896, hiyo ni ya upana wa mita moja na ilifika Kisumu 1901. Vile vyuma vyepesi vilivyobaki havikutupwa, vikalazwa mitaani Mombasa, kutoka mji wa kale mpaka Kilindini na kwengineko. Juu yake vikawekwa vigari vya viti, wanakaa watu wawili mpaka wanne, kuna turubai juu la kuzuia jua, na nyuma vijana wawili wanasukuma kwa mbio, kwenye mteremko wanadandia. Ndo ilikuwa teksi ya mji. Wakubwa walikuwa na vichepuo vyao vimeingia mpaka mlangoni kama leo mtu anavyojengewa maegesho. Miaka ya 1920 magari ya mafuta yakaziua. Postikadi nyingi za mitaa ya Mombasa za wakati huo ukizitazama chini utaona hizo reli, watu huwa wanatazama juu kwenye roshani wanazikosa. Beira huko Msumbiji nako vilikuwepo lakini huko sidhani ungepata wazee hawa na Idd ya mwaka wa Hijria nyuma ya picha. Na Bagamoyo ya baba yako, pole yake, Wajerumani walihamisha makao kwenda Dar 1891 na reli ya kati ikaanzia Dar 1905, Bagamoyo ikabaki kuangalia.

Na varanda za mbao kwenye nguzo nyembamba, Fundi, hebu tembea Ndia Kuu, mtaa wa mji wa kale wa Mombasa, siku moja, Unguja hamkuzinunua peke yenu.

Mjukuu, nijibu moja tu. Miguu ya huyo mtoto wa moshi iko wapi hasa? Iko katikati ya mistari, pembeni, au imekanyaga mistari?

MjukuuWaTanga

Nimeangalia na lenzi ya jirani anayetengeneza saa. Mguu mmoja juu ya mstari huu na mwingine juu ya ule. Vidole vya miguu vinaonekana vizuri kabisa kuliko uso, inaonekana miguu haikutikisika, alitikisa juu. Ukimlinganisha na wale waliokaa simpi zaidi ya miaka 7.

reli_nyembamba

Basi. Ninae wa miaka 7 hapa nyumbani, nimempima sasa hivi na futi kamba mama yake ananiangalia. Kutoka kiunoni mpaka chini sentimita 56. Nikamchorea mistari ya sentimita 60 sakafuni kwa chaki akasimama bila shida, miguu imepanuka kama golikipa. Nikamchorea ya 91 akapiga msamba akaanguka akacheka, na tukio lote nimelipa kwa soda. Wa kwako amesimama wima na bado ana nguvu za kutikisa kichwa. Hiyo si Bububu.

Fundi_Chokaa

Huyo mtoto wako labda mfupi.

Haya, natania. Nakubali upana, sina la kusema kwenye upana. Lakini niseme kitu kuhusu baraza maana mimi sitoki mikono mitupu. Mjukuu umesema baraza inaenda mpaka mwisho wa ukuta pande zote mbili, hakuna sehemu iliyokatwa kwa ajili ya mlango wa duka. Nyumba ya Mhindi ya biashara chini ingekuwa na milango ya duka ya kukunja, tatu nne, baraza ingekuwa ya vipande. Hapa mlango ni mmoja tu. Kwahiyo hiyo ni nyumba ya kukaa, ya mtu wa kanzu, aliyebandika varanda ya Kihindi juu kwa sababu ilikuwa fasheni na pesa anayo. Na kama reli imepita mbele ya mlango wake basi aidha anakaa mtaa mkubwa au yeye mwenyewe alikuwa anasukumwa. Hao sio watu wadogo. Muulize mjomba mali ilikwenda wapi.

kahawa_chungu

Hapo kwenye mali ilikwenda wapi ndo uzi unaanza sasa 😂😂

Mpigapicha_wa_Ilala

Mjukuu kabla hujaendelea, usiibandue hiyo picha kwenye kadibodi, watu wanafanya hivyo inatoka vipande. Usiipake mafuta wala kuibandika selotepu. Na hiyo ya kuiweka juani ili uione iwe mwisho, tafuta kivuli chenye mwanga, uilaze, mtu mwenye simu nzuri akupigie kutoka juu bila flashi. Ukishapata nakala nzuri ndo uanze kulinganisha, kuna ile hazina ya Winterton kwenye Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, nyingi unaziona mtandaoni bure. Ukitaka upande wa Wajerumani kuna za mpiga picha Walther Dobbertin, hizo ziko nyingi tu, na Unguja kuna nyaraka pale Kilimani. Tafuta mlango. Varanda zinaoza zinabadilishwa, mlango wa kuchonga unabaki, au unauzwa kwa hoteli lakini hata hapo unaujua.

MjukuuWaTanga

Wakuu narudi na kubwa kuliko. Jana usiku nilimpigia mama akamwekea bibi simu sikioni. Nikamsalimia, tukaongea ya mihogo na mguu wake unaomuuma, halafu nikamuuliza, bibi, hivi baba yako aliwahi kukutajia reli mbele ya nyumba yao? Akasema reli hapana, hajui reli. Nikasema gari la kusukumwa je? Kimya. Nikadhani simu imekata.

Akasema, "Lilimkanyaga."

Kumbe baba yake bibi alikuwa na kovu kwenye muundi, kutoka chini ya goti mpaka karibu na kifundo, na nywele haziotei hapo. Wakiwa wadogo wakimuuliza anawaambia nilikanyagwa na gari la kusukuma kwa sababu nilikuwa sisikii nikiambiwa toka njiani. Wao miaka yote hiyo walijua ni mkokoteni wa sokoni, bibi anasema walikuwa wanamcheka kabisa, mtu mzima anakanyagwaje na mkokoteni. Nikamuuliza alikuwa na miaka mingapi wakati huo, akasema alikuwa hajatiwa jando. Nikamuuliza ilikuwa mji gani, akasema "si huko huko Mvita, kwani kwengine wapi," kama vile mimi ndo nimekuwa nikimficha. Mvita ndo Mombasa ya wazee. Mjomba yuko pale pale anamsikia.

Nimemwambia bibi kuna mtoto kwenye picha kasimama juu ya hizo reli, sura haionekani. Akauliza kovu lipo? Nimekaa na lenzi ya fundi saa mpaka mwizi wa umeme wetu akakata taa mtaa mzima, muundi wa kushoto hauna kitu, wa kulia kanzu imeufunika. Jumamosi natoka hapa na basi la asubuhi naenda Tanga na picha ya simu nzuri, tayari nimeazima kwa mtu.

Mjomba nae nimemuuliza anasemaje. Anasema Unguja nako mikokoteni ilikuwepo.